Kura ya Diani na Eda ya Bi. Rukia

Mmeniuliza, kila mmoja kwa wakati wake, yaliyotokea Diani, na kila mmoja nimemjibu kwa namna tofauti. Mmoja nilimwambia safari ilikuwa njema ila joto. Mwingine nilimwambia nitaeleza tukionana. Wa tatu nilimkatia simu, na hapa namwomba radhi. Sasa nawaandikia wote mara moja, kwa kufuata njia yenyewe tangu Nairobi, kwa kuwa nikianzia mwisho nitakasirika nishindwe kuendelea.

Kwa wale wasioyafuatilia mambo yetu, programu huru ni programu ya kompyuta ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuifungua aone ilivyoundwa, kuibadilisha na kumpa mwenziwe. Nyuma yake kuna vuguvugu la watu wa nchi nyingi, wengi wao wakifanya kazi bila ujira, na vuguvugu hilo lina wakubwa wake. Tasnifu yangu inawahusu wakubwa hao. Tangu nianze masomo haya nimekuwa nikijenga hoja moja tu: kwamba kwetu mtu hapati sauti kwa cheo, ukoo wala fedha, bali kwa kazi aliyoifanya ikaonekana.

Mfano wangu mkuu ulikuwa Bi. Rukia wa Majoreni, msimamizi wa Kiswahili katika Kibao, ile programu ya kuandikia ambayo wengi wenu mnayo. Ukibonyeza mahali palipoandikwa "Hifadhi" ukakuta neno hilo na si jingine, ujue ni yeye aliyelichagua, baada ya kubishana na wenzake kwa hoja na adabu. Sikuwahi kumwona. Nilimjua kwa maandishi.

Aliyenialika kwenye mkutano mkuu wa Kibao huko Diani ni Mhandisi Gitonga, ambaye hakuna mtu wa programu huru nchini asiyemjua. Ndiye aliyenifungulia mlango wa mambo haya nilipokuwa mwaka wa kwanza. Alinipigia simu akaniambia kwamba Bi. Rukia amenyamaza, hajibu ujumbe, na kwamba katiba ya Kibao inasema msimamizi akinyamaza miezi mitatu mfululizo, mkutano mkuu unaweza kukitangaza kiti chake kuwa wazi.

"Wewe ndiye unamwandikia kitabu, Wafula," alisema. "Njoo. Pengine wewe utampata."

Niliona heshima kubwa. Nilijiona nimetumwa na watu ninaowachunguza, na mtafiti hapati bahati hiyo kila siku.

Kutoka Nairobi hadi Mtito Andei

Basi liliondoka asubuhi likiwa salama, na likaendelea kuwa salama hadi karibu na Mtito Andei, mkanda wa feni ulipokatika. Dereva alishuka, akaangalia, akawasha sigara. Kutokana na sigara hiyo abiria wenye uzoefu walijua muda tutakaokaa, wakaanza kutafuta kivuli.

Nilikaa na mama mmoja anayeuza leso za kujifunga Ukunda. Alinikaribisha mahindi ya kuchemsha, akaniuliza kazi yangu, nami nikamweleza programu huru kwa urefu ambao sasa unanitia haya. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo hiyo kitu ni ya bure."

"Ni huru, mama. Bure ni sehemu ndogo tu ya…"

"Na wanaoitengeneza wanakula nini?"

"Wana kazi nyingine. Hii wanaifanya kwa moyo."

"Na mwenyewe ni nani?"

"Haina mwenyewe. Hiyo ndiyo maana yake."

Alicheka akanipiga begani kwa gunzi. "Wewe kijana! Kitu cha bure kina mwenyewe. Ni vile tu hajajitokeza."

Nilimrekebisha kwa upole. Nilimtajia aina tatu za leseni. Mkanda mpya ulipofika juu ya pikipiki, bado nilikuwa naeleza ya pili.

Likoni

Kwenye kivuko feri moja ilikuwa imesimamishwa kwa matengenezo, na umati ulikuwa umejaa hadi juu ya mteremko. Nilinunua viazi karai vya moto vyenye ukwaju, nikavila nimesimama, nikiyapanga maswali yangu kwa Bi. Rukia katika mafungu mawili: ya kitaaluma na ya kiutawala. Nilikuwa na dhana tatu kuhusu kunyamaza kwake. Ya kwanza, kwamba amechoka, jambo linalowapata wengi wanaojitolea. Ya pili, kwamba amekasirishwa na mpango wa kutafsiri Kibao kwa mashine. Ya tatu, kwamba kunyamaza kwenyewe ni hoja, mgomo wa mtu mwenye hadhi, na hii ndiyo niliyoipenda zaidi kwa kuwa ilikuwa na nafasi tayari katika sura yangu ya tano.

Dhana kwamba limempata jambo ambalo halituhusu hata kidogo sikuwa nayo.

Diani

Hoteli ilikuwa ile ya aina mnayoijua, yenye makuti juu na baridi ya mashine chini. Kila mjumbe alipewa leso iliyochapishwa kwa ajili ya mkutano, na jina la leso, yale maneno ya upindoni, lilikuwa: *Chukua, tumia, mpe mwenzio.* Niliyatambua maneno hayo papo hapo. Ndiyo yanayomkaribisha mtu anapofungua Kibao kwa Kiswahili, na aliyeyaandika ni Bi. Rukia. Mwenyekiti wa vuguvugu, Bi. Annelie, mgeni wa Ulaya mwenye sauti ya kubembeleza, alikuwa amejitanda yake mabegani.

"Karibu sana, karibu sana," aliniambia kwa Kiswahili, kisha akauliza kupitia kwa Gitonga kama ni kweli nitakwenda kumtafuta dada yetu. Niliitikia. Akanishika mikono yote miwili. "Ni muhimu sana," alisema. "Ni muhimu ijulikane kwamba tulimtafuta."

Nililisikia neno "ijulikane", nikalipita kama mtu anavyopita kibao cha barabarani kisichohusu njia yake.

Kura ilikuwa imepangwa alasiri ya siku ya mwisho. Gitonga alinisindikiza hadi langoni asubuhi ya siku ya pili. Nilimwuliza kama anaijua nyumba.

"Majoreni ni kadogo, bana," alisema. "Uliza tu."

Msambweni

Hamisi, mwenye pikipiki aliyenipeleka, alikuwa mkazi wa Msambweni na hakuamini kwamba mtu anaweza kuwa na shughuli mahali pengine. Nilipomwambia namtafuta Bi. Rukia wa programu, hakuniacha nimalize.

"Wa programu? Namjua. Yuko pale pa vyandarua."

Nilimweleza kwamba si programu ya vyandarua. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, pia ile ya lishe iko mlango wa pili. Tulifika. Mama aliyekuwa ofisini alitupa viti, akatupa maji, akasikiliza, naye pia akaniuliza kama vyandarua vyetu vimetiwa dawa. Nilipotaja Majoreni ndipo uso wake ulipobadilika.

"Rukia wa Athumani? Athumani fundi wa mashine za boti?" Akaiweka glasi chini. "Hukupata habari? Athumani amefariki. Aliugua siku chache tu. Mkewe yuko eda sasa."

Hamisi akasema, "Inna lillahi," akavua kofia.

Nitaandika nililolihisi, kwa kuwa nimeahidi mpangilio. Nilihisi nafuu. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Hukaa nyumbani kwa mumewe, hajipambi, hatoki bila dharura, hakutani na wanaume wasio maharimu wake. Katiba ya Kibao inasubiri miezi mitatu. Kunyamaza kwake kulikuwa na sababu, na sababu ilikuwa na mwisho unaojulikana. Wakubwa wetu walikuwa wamepungukiwa na taarifa tu, nami ndiye ninayekwenda kuichukua. Niliamini, kama ninavyowafundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza, kwamba uamuzi mbaya hutokana na taarifa pungufu.

Majoreni

Baada ya Ramisi na mashamba yake ya miwa tuliacha lami, tukashika udongo hadi harufu ya mikoko ikatufikia. Nyumba tulionyeshwa na mtu wa kwanza tuliyemwuliza. Hamisi alibaki na pikipiki. Alisema matangani haingii na helmeti.

"Hodi! Hodi hapa!"

"Karibu. Simama hapohapo ulipo."

Akatoka mama wa makamo, mfupi, kajifunga leso kiunoni juu ya dera. Huyo alikuwa Bi. Mwanatumu, shangazi yake Bi. Rukia, aliyekuja kukaa naye hadi eda iishe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujambo? Watoka wapi?"

"Natoka Nairobi. Naitwa Wafula. Namtafuta Bi. Rukia."

"Rukia yuko ndani na wewe uko nje, na ndivyo itakavyokuwa. Umekuja kutoa pole au umekuja na jambo?"

Nilifikiri. "Yote mawili, mama."

"Basi anza na pole."

Nikatoa pole, kwa maneno niliyofunzwa na Hamisi njiani. Akaniketisha barazani, chini ya dirisha lililoteremshwa pazia, akanipa utaratibu. Mimi nitasema naye, yeye ataingia ndani, jibu atalileta. Sauti yangu bila shaka ilikuwa ikipita dirishani, lakini jibu lilipita mlangoni, kwa miguu ya Bi. Mwanatumu.

Nilianza kwa kueleza muundo wa vuguvugu.

"Fupisha, mwanangu," alisema. "Nina magoti."

Nikafupisha. Nikasema wapo watu Diani wanaotaka kukitangaza kiti cha Bi. Rukia kuwa wazi kwa sababu hajajibu. Akaingia. Akatoka.

"Anasema amesikia."

"Naomba umwulize kwa nini hakuteua naibu kwa mujibu wa kifungu cha…"

"Hilo sitampelekea."

"Kwa nini, mama?"

"La kipuuzi. Mtu kafiwa, wamwuliza kifungu. Lete jingine."

Nilitafuta jingine. Nilishangaa ni maswali mangapi katika mafungu yangu mawili ambayo hayangeweza kuvuka kizingiti kile. Mwishowe niliuliza lililokuwa moyoni: je, alikatazwa kuitumia mashine?

Safari hii alikawia ndani. Nilisikia sauti ya pili, ya chini, isiyo na haraka. Bi. Mwanatumu alipotoka hakusimama. Aliketi ukingoni mwa baraza.

"Anasema hakukatazwa na mtu. Mashine kaifunga kwa mkono wake. Anasema hapa zamani hapakuwa na umeme. Athumani ndiye aliyekuwa akiibeba betri kwa baiskeli kwenda kuitia moto wa umeme dukani, na kurudi nayo. Kila neno la hiyo Kibao yenu limepanda baiskeli ya Athumani. Na jioni alikuwa akila peke yake, mkewe yuko kwenye mashine na watu wa Ulaya. Hakusema kitu hata siku moja. Basi anasema jioni zote alizipa Kibao, na miezi hii ni ya Athumani. Akitoka, atarudi kazini kama kawaida. Wamsubiri."

"Hilo tu, mama?"

"Wataka mangapi?"

Niliandika neno "wamsubiri". Kisha, kwa kuwa hoja ilihitaji kukamilishwa, nikasema kwamba ni bahati mbaya tu wakubwa hawakuarifiwa.

Bi. Mwanatumu alinitazama kama mtu aliyeuziwa samaki wa jana.

"Hawakuarifiwa? Na yule bwana mrefu wa Nairobi, mwenye ndevu za kijivu? Yule aliyeshindwa kufungua kamba za viatu pale mlangoni mpaka akasaidiwa? Si alikuja kwenye khitma ya Athumani huyo! Alikaa hapohapo ulipokaa. Pilau alikula sahani mbili, na mkate wa kumimina akauomba tena. Akasema, 'Mwambieni Rukia asiwe na wasiwasi. Kiti chake ni chake.' Mimi mwenyewe nililipeleka neno hilo ndani."

Ndevu za kijivu wanazo wengi, lakini viatu vile vya kamba ndefu, vya kupandia mlima, mnavijua ninyi nyote.

"Mwanangu," akasema, kwa sauti nyingine, "hao wakubwa wenu wao hawafiwi?"

Nililetewa chakula nisichokitegemea: wali wa nazi na mchuzi wa pweza.

"Wa bara mwala pweza?"

"Tunakula, mama," nilisema, nikiutazama mkono wenye vikombevikombe.

"Mbona wamwangalia kama atakusalimu?"

Nyuma ya pazia mtu alicheka, kidogo sana, akajizuia. Siku ile ndicho kitu cha pekee nilichokisikia wazi, moja kwa moja, kutoka kwa mtu niliyemwandikia sura nzima. Nilimla pweza. Alikuwa mtamu.

Nilipoaga, Bi. Mwanatumu alinipa bakuli la bati lenye mfuniko, ndani yake mkate wa kumimina uliokuwa bado na joto. "Mpe yule bwana mrefu. Aliusifu sana siku ile. Na bakuli langu nilione tena. Chombo cha watu hakirudi kitupu, mwajua huko kwenu?"

Nilisema kwetu pia tunajua.

Kurudi Diani

Njia nzima, bakuli likiwa mapajani, nilimtetea Gitonga. Huenda alisahau. Mtu hasahau khitma. Basi huenda alifungwa na kanuni, asiweze kusema mwenyewe, ndiyo maana akanituma mimi niseme kwa niaba yake. Kwa hiyo kunituma kwake kulikuwa ushahidi wa wema. Hoja hii ilisimama hadi Ukunda. Niliipenda. Nililala nayo usiku kucha, na asubuhi bado ilikuwa imesimama.

Alasiri nilipewa nafasi mbele ya ukumbi. Nilisema yote, bila mapambo: kifo, eda, muda uliobaki, baiskeli, betri. Nilimaliza kwa neno lake: "Nisubirini." Gitonga alinitafsiria, na naomba niwe mwadilifu, alitafsiri vizuri sana. Alipofika kwenye baiskeli sauti yake ilikatika.

Ukumbi mzima ulisimama. Bi. Annelie alifuta machozi kwa upindo wa leso yake. Walikaa kimya dakika nzima kwa ajili ya Athumani, mtu ambaye wengi wao hawakujua jinsi ya kutamka jina lake. Nilisimama mbele yao nikijiambia kwamba tasnifu yangu ni ya kweli.

Kisha wakaketi, na katibu akasoma azimio. Lilikuwa limeandikwa kabla. Nilijua hivyo kwa sababu lilikuwa tayari ukutani, kwa herufi kubwa, kabla sijakifikia kiti changu: "Kwa kuwa jitihada zote za kumfikia msimamizi zimefanyika, ikiwa ni pamoja na kumtuma mjumbe hadi nyumbani kwake; na kwa kuwa imethibitika kwamba hayuko tayari kurejea kwa sasa…"

Mjumbe ni mimi. Uthibitisho ni maneno yangu. Bila safari yangu azimio lingekuwa na pengo, na mtu mmoja mkaidi angeweza kusimama akauliza kama Bi. Rukia ametafutwa. Sasa hapakuwa na wa kuuliza.

Mikono ikainuliwa. Mimi ni mtazamaji, sina kura. Hakuna mkono uliopinga. Iliyojizuia ilikuwa michache, nayo iliinuliwa nusu, kama ya watoto wasiojua jibu. Kiti kikawa wazi. Azimio la pili likampa kiti hicho Mhandisi Gitonga, "kwa muda", pamoja na jukumu la kuanza kutafsiri kwa mashine.

Nilimpata kando ya bwawa la kuogelea. Askari wa hoteli alikuwa akiwatisha tumbili kwa manati.

"Ulijua," nilimwambia.

"Nilijua nini?"

"Ulikula pilau ya khitma yake."

"Wafula, wacha hizo, bana. Kuzika ni kuzika, mradi ni mradi."

"Ulimwambia kiti chake ni chake."

"Mtu amefiwa!" Alikuwa amekasirika kweli. "Ulitaka nimwambie nini? Nimsomee katiba pale kwa mkeka?"

Nililitafakari jibu hilo kwa haki, kama ninavyofanya hadi leo, na bado sijalipata kosa lake likisimama peke yake.

"Imebaki kama mwezi mmoja," nilisema. "Angesubiriwa."

"Wafadhili hawasubiri. Na sheria haiangalii dini ya mtu. Leo ni eda, kesho ni nini? Halafu sikiliza." Akapunguza sauti, akawa tena yule mwalimu wangu. "Programu ni huru. Akitoka huko, akitaka, ananakili kila kitu anaanzisha yake. Hakuna mtu wa kumzuia. Hiyo ndiyo uhuru, buda. Si nilikufundisha?"

Alinifundisha. Mwanamke mmoja Majoreni yuko huru kuchukua kazi yake yote, nakala halali, neno kwa neno, na kuanza peke yake, bila jina, bila wenzake na bila baiskeli. Nilimkumbuka mama wa leso na gunzi lake.

Nikampa bakuli. Sikutaka, lakini nilikuwa nimetumwa, na kwa siku ile kutumwa ndiko nilikokuweza. Alifungua mfuniko, harufu ya nazi na iliki ikatoka, na uso wake ukang'aa.

"Wamenikumbuka!" alisema. "Uwaambie asante sana. Uwaambie Gitonga anawasalimu."

Akaula akiwa amesimama, akikata kwa vidole, akimpa kila aliyepita. Alifurahi kwa dhati. Hilo ndilo ninaloshindwa kulipangia mahali katika sura yoyote.

Majoreni, mara ya pili

Kesho yake, badala ya kushika njia ya Likoni, nilimpigia Hamisi. Nilijiambia lazima mtu amweleze Bi. Rukia, na kama nilikuwa mjumbe wa kumwondoa, basi niwe mjumbe wa kumwarifu. Safari hii Hamisi hakupitia Msambweni.

Niliketi mahali palepale. Pazia lilikuwa limeteremshwa. Bi. Mwanatumu alipokea bakuli, akalitikisa, akafunua mfuniko.

"Kitupu?"

"Kitupu, mama."

"Nilikwambiaje?"

"Ulinambia. Nimekuja na habari tu."

Nikamsogelea, nikashusha sauti ili dirisha lisisikie, nikamweleza: wamesimama, wamelia, wamempa pole, wakamwondoa. Kiti wamempa yule bwana mrefu. Mkate ameusifu, na anawasalimu.

Uani jogoo alikuwa akiparua majivu. Nikamwona akilitazama pazia, kisha mlango, kisha magoti yake.

"Hilo sitampelekea," akasema.

"Mama, lazima ajue."

"Atajua. Lakini halitaingia ndani ya eda. Mle ndani mna Athumani tu mpaka siku itimie. Kiti hakikimbii, si kimeshakimbia? Siku akitoka uje mwenyewe, umwambie usoni. Si umetumwa? Basi hujafika bado."

Kutoka ndani sauti ile ya chini ikauliza, "Shangazi, ni nani?"

"Ni yule mla pweza," akajibu Bi. Mwanatumu bila kugeuka. "Amerudisha chombo. Anakusalimu."

Kisha akanirudishia bakuli, akanifunga vidole vyangu juu yake. "Rudi nalo. Utakuja nalo siku hiyo, na kitu ndani."

Nairobi

Msimamizi wa tasnifu yangu anataka sura ya tano. Ameniambia tukio la Diani linaipa nguvu hoja yangu, kwa kuwa linaonyesha taasisi iliyokomaa, inayofuata kanuni zake hata pale moyo unapouma. Sijamjibu. Sentensi yake ni safi, na ningeweza kuiandika mwenyewe kabla ya safari hii.

Sasa ombi langu kwenu. Taarifa ya kura imechapishwa, na wengine wenu mnataka kumwandikia Bi. Rukia, kumpa pole au kumshauri aanzishe programu yake. Msimwandikie. Wala msimtume mtu, wala msimpigie jirani. Mashine yake imefungwa, na katika nyumba ile moja bado yeye ndiye msimamizi wa Kiswahili wa Kibao, na mumewe bado anazipokea jioni alizokuwa akimdai bila kusema. Siku atakayotoka imekaribia. Nimeshamwambia Hamisi anisubiri Likoni.

Bakuli liko mezani hapa ninapoandika. Kila asubuhi ninalifunua, nikafikiri cha kutia ndani, nikalifunika.